Dakika kumi na moja kwa miguu: tathmini yangu ya ofisi ya wadi

Jumanne ya pili ya Januari nilisubiri wateja wa mahamri na mbaazi waishe, nikamwachia binti yangu jiko saa tatu na nusu, nikatembea hadi ofisi ya wadi yetu. Ni mwendo wa dakika kumi na moja, nusu yake chini ya miembe. Mkobani nilikuwa na leseni ya mwaka uliopita, nakala za vitambulisho vya wafanyakazi wangu watatu na picha nne za mtaro ulioziba nyuma ya soko. Haja zangu zilikuwa tatu: kulipia leseni ya hoteli, kuwapatia wafanyakazi vyeti vya afya, na kujua mtaro ule utazibuliwa lini.

Watu huandika mitandaoni kuhusu hoteli yangu. Wakila pweza wa nazi husema kama alikuwa laini au la, na chai ikichelewa hunisema pia, nami husoma kila neno. Sasa naandika mimi, kuhusu huduma ninayoinunua kwa ada na kodi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kisha kinaongeza kwamba haki hiyo inahusu pia zile zinazotolewa na taasisi za umma. Serikali inayonitoza inanihesabu mteja. Kaunti yetu sitaitaja, kwa kuwa vijana wa ofisi ile ni majirani zangu na ninayoyalaumu hayakuanzia kwao. Ni moja kati ya kaunti sita za Pwani.

Hoteli niliianza 1996, meza nne na jiko la makaa. Leseni ilikuwa ya baraza la mji. Askari wa kanjo walikuja na lori, na siku moja walinichukulia sufuria mbili za wali zikiwa motoni, eti risiti yangu haikuwa na muhuri sahihi. Nilikwenda kwa karani wa baraza, akasema suala hilo ni la wilaya. Nikaenda kwa DO, yaani afisa wa tarafa, akanituma kwa DC, mkuu wa wilaya. Kwa DC nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikaambiwa mkubwa ametoka. Sufuria sikuziona tena. Ule ulikuwa mlolongo mmoja: naibu wa chifu, chifu, DO, DC, PC aliyekuwa mkuu wa mkoa, na juu yao Ofisi ya Rais. Hata mmoja hatukumpigia kura. PC wetu alikaa Mombasa, na mtu wa Lamu au Garsen aliyeshindwa na DC wake alilala njiani ndipo amfikie.

Marehemu baba hakuwa akishangaa. Yeye alikuwa mtu wa chama cha KADU cha Ronald Ngala, na alikumbuka vizuri kwamba Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo saba, kila jimbo na bunge lake. Mwaka mmoja haukupita vizuri. Novemba 1964 KADU ikajivunja, Disemba nchi ikawa jamhuri, na majimbo yakanyang'anywa nguvu bila mwananchi kuulizwa kwa kura. Baba alikuwa na namna yake ya kulisema hilo: "Tulipewa nyumba, ufunguo wakabaki nao." Alifariki kabla ya 2010, na kila ninapoingia ofisi ya wadi huwa namkumbuka, maana maneno yake ndiyo kipimo changu.

Tarehe 4 Agosti 2010 nilikuwa kwenye foleni ya kura ya maamuzi kabla jua halijachomoza. Karibu asilimia 67 ya waliopiga kura nchini walisema ndiyo, na tarehe 27 mwezi huo huo Rais Mwai Kibaki akaitangaza Katiba mpya pale Uhuru Park. Nilinunua nakala nikasoma usiku, jikoni, baada ya kuosha vyombo. Katika Jedwali la Nne, kwenye orodha ya kazi za kaunti, chini ya afya, nikakuta mstari unaosema kaunti ndizo zitakazotoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Nilimpigia dada yangu simu nikamsomea mara mbili. Mimi na sufuria zangu tulikuwa tumo ndani ya Katiba.

Na safari hii ufunguo umefungwa mahali pagumu kuufikia. Kifungu cha 255 kinasema mtu akitaka kubadilisha malengo, kanuni au muundo wa ugatuzi, yaani huku kuzipa kaunti madaraka, lazima aje kwetu kwa kura ya maamuzi, na angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti wajitokeze. Yale ya 1964 hayawezi kufanyika tena kwa wabunge peke yao. Kila kasoro nitakayoitaja hapa chini naitaja nikiwa nimesimama juu ya jambo hilo.

Basi turudi Januari.

Ofisi ni chumba kimoja na kibaraza, palipokuwa stoo ya soko wakati wa baraza la mji. Wamepaka rangi, wameweka mabenchi mawili ya mbao, feni inafanya kazi, na choo kina maji. Ubaoni kuna orodha ya ada za mwaka, kwa Kiswahili, na namba ya kupiga ukidaiwa zaidi. Nilikuta watu wanne mbele yangu. Zamu yangu ilifika baada ya dakika ishirini na tano.

Karani alisimama kunipokea. "Shikamoo, mama. Karibu uketi. Tukusaidie nini leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nina mambo matatu."

"Basi tuanze na lile la leseni, lisije likakuchelewesha."

Nilisema moyoni kwamba hata angenikatalia, kupokelewa hivi pekee kungenifanya nirudi. Vijana wanaozaliwa sasa hawajui jinsi mtu mzima alivyokuwa akizungumziwa kwenye ofisi za wilaya, akiwa amesimama, kofia mkononi. Msimamizi wa wadi mwenyewe ni mtoto wa hapa hapa. Alikuwa akija kwangu kununua viazi karai akiwa na sare za shule. DO wa zamani aliletwa kutoka mbali, akakaa mwaka au miwili, na akianza kulijua soko akahamishwa. Huyu wa sasa anajua mtaro upi huziba mvua za masika zikianza, na anajua bibi yupi hawezi kusimama foleni.

Nianze na lililokwenda vizuri kabisa, nalo ni vyeti vya afya. Kila anayeshika chakula cha watu anapaswa kupimwa kila baada ya miezi sita. Zamani hiyo ilikuwa safari ya hospitali ya wilaya, kilomita 38, wafanyakazi wote siku moja, na hoteli inafungwa. Sasa bwana afya huwa ofisini kwa wadi Jumanne na Alhamisi. Alijaza fomu za vijana wangu papo hapo, akawaelekeza zahanati ya wadi, ambayo siku hizi iko chini ya kaunti, na kesho yake asubuhi wakapeleka choo na kutolewa damu. Kijana mmoja alikutwa na minyoo. Akapewa dawa na kuambiwa asiingie jikoni kwanza, na hilo nililipokea kwa shukrani kwa sababu ni wateja wangu waliolindwa. Alhamisi ya pili vyeti vyote vilikuwa tayari. Bwana afya akaviweka mezani, akavitia saini mbele yangu, akapiga muhuri. Tulifunga hoteli kwa saa sifuri.

Leseni nayo ilianza kama arusi. Karani aliingiza namba ya biashara kwenye kompyuta, deni likaonekana, nikalipa shilingi 7,000 kwa M-Pesa, na ujumbe wa kupokelewa ukafika kabla sijarudisha simu mkobani. Hakuna pesa iliyopita mkononi mwa mtu. Niliyeanza biashara wakati wa vitabu vya risiti vyenye karatasi ya kaboni, ambavyo nakala yake ilikuwa na tarakimu tofauti na yangu, najua hilo limeokoa kiasi gani cha fedha za soko letu.

Nikauliza, "Leseni yenyewe naipata wapi?"

Karani akatazama meza. "Hiyo, mama, inachapishwa makao makuu ya kaunti. Inatiwa saini huko."

Makao makuu ni matatu mbili, shilingi 250 kwenda na 250 kurudi. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza afisa anayetia saini alikuwa kwenye warsha. Mara ya pili karatasi maalumu za leseni zilikuwa zimekwisha. Mara ya tatu niliikuta leseni imeshachapishwa siku tisa zilizopita, imelala kwenye kasha pamoja na nyingine za wadi yetu, na hakuna aliyepewa kazi ya kuzileta. Niliomba nibebe zote. Nilikataliwa kwa adabu, na walikuwa na haki. Lakini gari la kaunti huja wadini kila wiki kuleta dawa za zahanati, na kasha lile lingetosha kwenye kiti.

Kabla ya safari hiyo ya tatu alikuja afisa wa ukaguzi kutoka makao makuu hayo hayo kutaka leseni. Nilimwonyesha ujumbe wa malipo. Akaniambia malipo si leseni na hoteli itafungwa. Ilikuwa saa saba mchana, meza zote zina watu. Nilimpigia msimamizi wa wadi, na baada ya dakika kumi alifika kwa bodaboda, akamsalimu mwenzake, akamfungulia kompyuta ndogo aliyokuja nayo na kumwonyesha jina langu kwenye mfumo wao wenyewe. "Huyu mama ameshalipa. Kinachokosekana ni karatasi yetu sisi, si pesa yake." Afisa aliondoka. Mwaka wa sufuria zangu hapakuwa na mtu wa kumpigia.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Bwana afya na karani wa leseni wanakaa chumba kimoja, meza mbili, feni moja. Mmoja anaweza kutia saini, mwingine hawezi. Kwa yule wa kwanza nimehudumiwa na serikali ya dakika kumi na moja. Kwa huyu wa pili nimehudumiwa na wilaya ile ile ya zamani, ila imewekewa dirisha la kupokelea pesa karibu na nyumbani. Katiba iliwatoa watu Nairobi ikawaleta kaunti, lakini kaunti nyingine zimekaa makao makuu kama PC alivyokaa Mombasa. Na Katiba ilikuwa imeliona hilo mapema. Kifungu cha 176 kinaitaka kila serikali ya kaunti igatue kazi na huduma zake kadiri inavyowezekana kwa ufanisi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikapanga ngazi zenyewe: miji, kaunti ndogo, wadi, vijiji. Ugatuzi ulikusudiwa uendelee kushuka. Kwetu umeshuka hadi wadini ukiwa na kiti na kompyuta, na kalamu ikabaki juu.

Jambo la tatu, la mtaro, lilinifundisha mengi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Msimamizi alizitazama picha akakiri kwamba mtaro ule ni kazi ya kaunti. Akasema uliombwa mwaka jana. Nikamuuliza ulitengewa pesa au haukutengewa, akasema hana kitabu cha bajeti cha wadi. Basi nikaandika barua. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Kifungu cha 47 nacho kinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa haki na wa kisheria, na aliyeumizwa na uamuzi huo apewe sababu kwa maandishi. Niliandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nikautaja kifungu cha 35, nikaupigia nakala na kuomba mapokezi yatiwe muhuri. Jibu lilikuja siku ya 19.

Lilikuwa jibu zuri kuliko nilivyotarajia. Mtaro ulikuwa kwenye bajeti, umetajwa kwa jina la soko letu, na kiasi chake kimeandikwa. Kazi haikuanza kwa sababu fedha kutoka Hazina Kuu zilichelewa, na zilizofika zikalipa mishahara kwanza. Niliisoma barua hiyo kwa wenye vibanda wote wa nyuma ya soko, na hasira iliyokuwa ikielekezwa kwa msimamizi ikapungua, maana sasa tulijua mahali maji yalipokwama.

Katiba inasema kaunti zote 47 zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwaka wa fedha wa 2013/14 mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 190, na kufikia 2023/24 ukawa bilioni 385.4. Kwenye karatasi umepanda. Ila mtaro hauchimbwi kwa pesa za kwenye karatasi. Mkandarasi wa hapa aliyewahi kusubiri malipo miaka miwili hataki tena kazi ya kaunti, na anayekubali huongeza bei kufidia kungoja. Hivyo ucheleweshaji wa Nairobi unakuwa bei ya juu kwetu, na mwananchi anayekanyaga tope anamlaumu yule kijana mwenye benchi mbili na feni.

Kuna kasoro nyingine ambayo mgeni akifika sokoni kwetu ataiona mara moja. Ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi ya wadi, kuna ofisi ya chifu. Katiba, kwenye Jedwali la Sita, iliipa serikali ya kitaifa miaka mitano ya kuupanga upya utawala wa mikoa ili ulingane na mfumo wa kaunti. Sheria ya 2013 ikaja, mikoa ikatoka, DC akawa naibu wa kamishna wa kaunti, na chifu na naibu wake wakabaki. Sina ugomvi na chifu wetu. Akina mama wakipigwa usiku yeye ndiye anayefika. Lakini tuna serikali mbili zinazotazamana, kila moja na bendera yake, na mzee aliyetoka shamba na karatasi mkononi hajui aanze mlango upi. Nimeona mjane akituma maombi ya kibali cha mazishi kwa wadi, akarudishwa ng'ambo, akamkuta chifu ametoka, akakaa juani kungoja huku maiti ikiwa nyumbani. Kibao kimoja cha mbao chenye orodha ya kazi kingemwokolea asubuhi nzima.

Kuhusu mikutano ya kuwashirikisha wananchi nitasema kwa kifupi. Mswada wa fedha wa kaunti uliopandisha ada za hoteli kwa kufuata idadi ya viti ulijadiliwa makao makuu, Jumatano saa tatu asubuhi, na tangazo lilikuwa gazetini kwa Kiingereza. Saa tatu asubuhi mwenye hoteli yuko jikoni. Tulilalamika kwa mwakilishi wadi wetu, tukamkumbusha kwamba kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Mwaka uliofuata mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya chekechea ya wadi, alasiri, kwa Kiswahili, na watu walijaa mpaka ukutani. Ada ya hoteli ndogo ilipunguzwa. Makueni wamesifiwa kwa kuiteremsha mikutano ya bajeti hadi vijijini, nami naamini, kwa kuwa tuliiona faida yake kwa mkutano mmoja tu.

Wanaopenda nyota, nawapa hizi. Mapokezi ya ofisi ya wadi, tano kati ya tano, na ningeongeza kama ingewezekana. Vyeti vya afya, tano. Malipo ya leseni, tano. Kuipata leseni baada ya kuilipia, moja, na hiyo moja ni ya yule msimamizi aliyekuja kwa bodaboda. Majibu ya barua, nne. Mtaro, sifuri, maana mpaka ninapoandika bado haujazibuliwa na mvua za masika zinakaribia. Kwa jumla tatu na nusu.

Je, ningemshauri jirani aitumie? Ndiyo, na aende Jumanne au Alhamisi kabla ya saa nne, abebe nakala ya kitambulisho, na akiandika barua ahakikishe imetiwa muhuri wa mapokezi. Na nina ombi kwa wale wanaosema kila uchao kwamba Katiba ibadilishwe. BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ulituahidi mgao wa kaunti wa asilimia 35 badala ya 15, nami niliyapenda maneno hayo. Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi wa kawaida, mpango wote ukaanguka. Tangu hapo nimekuja kuona kwamba mengi ninayoyahitaji mimi yameshaandikwa. Karani wa wadi kupewa saini ya leseni hakuhitaji kura ya maamuzi wala mswada wa Nairobi. Kunahitaji waraka mmoja wa kaunti na printa moja. Wakamilishe kutupa tulichokipigia kura, ndipo waje watuulize tunataka nini kingine.

Mwezi Februari nilimwita fundi wa mabango aje kuandika bei mpya kwenye ukuta wa hoteli. Upande wa kushoto akaandika chakula. Upande wa kulia nilimpa orodha nyingine. Kitambulisho: chifu. Kibali cha mazishi ya aliyefia nyumbani: chifu. Usalama: chifu na polisi. Takataka, mitaro, taa za barabarani, zahanati, chekechea, soko, kichinjio: wadi. Leseni ya biashara: wadi.

Msimamizi alipita kunywa chai, akasoma ukuta wote kwa makini. "Mama," akasema, "huu mstari wa mwisho haujawa kweli bado. Hapa unalipa tu."

Nilimwambia fundi asiufute. Wiki hiyo hiyo niliandika ombi kwa bunge la kaunti, kwamba leseni za biashara ndogo zitiwe saini na kutolewa wadini, na likazunguka soko zima kwa siku tatu. Msimamizi hakuweza kulitia saini kwa sababu ya kazi yake, lakini alitupigia nakala bila malipo. Nililikabidhi kwa mwakilishi wadi wetu likiwa na majina 41 ya wenye hoteli na vibanda. Na barua ya mapokezi, yenye muhuri, nimeibandika chini ya bei ya pweza.